Aliyekodi shamba la baba amepanda mikaratusi. Nimfukuze?

Barua

Mama, pokea salamu zangu kutoka Umoja, hapa Nairobi.

Mimi ni mama wa watoto wawili na ninauza vitambaa Eastleigh. Baba yetu alifariki mwaka 2014 akatuachia shamba la ekari sita huko Kinangop, si mbali na Njabini. Tumezaliwa watatu: kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu ambaye anafanya kazi Saudia. Mama bado yuko nyumbani, anafuga ng'ombe wawili.

Mwaka 2015 kaka alimkodishia jirani yetu ekari tano. Nitamwita Baba Wanjiru. Alikuwa rafiki wa baba, na siku ya mazishi ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele. Walikubaliana kwa mdomo tu, shilingi elfu nane kwa ekari kwa mwaka. Pesa zilikuwa zinaingia kwa simu ya kaka, naye anatugawia. Mara ya mwisho kuona hata shilingi ilikuwa 2023.

Nilipoenda nyumbani Krismasi nilishtuka. Upande wa chini, karibu na kijito, Baba Wanjiru amepanda mikaratusi, mistari na mistari. Sehemu iliyobaki ni waru, yaani viazi, palepale palipokuwa na waru msimu uliopita na msimu wa kabla yake, na mimea mingi ya waru imelegea kama imemwagiwa maji moto. Nilipomuuliza, alinijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, kaka yako alinipa miaka kumi mingine, na mimi sijawahi kukosa kulipa." Nikampigia kaka simu. Anakana. Akaongeza kwamba mimi nimeolewa, kwa hivyo mambo ya shamba la baba niyaache kwa wenyewe.

Sasa kuna dalali hapa mjini ameniletea kampuni inayotaka ekari zote tano kwa miaka kumi, elfu ishirini kwa ekari, na watalipa ya miaka miwili mbele. Wanataka nisaini kabla ya mwisho wa mwezi na niwape nakala ya hatimiliki. Hatimiliki bado ina jina la baba. Iko kwenye sanduku la mama.

Naomba unisaidie. Naweza kumtoa Baba Wanjiru kabla ya mvua ndefu? Naweza kusaini na hii kampuni? Na ile mikaratusi, niing'oe? Sitaki kugombana na mzee aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, lakini pia siwezi kukaa Nairobi nikitazama shamba la baba likiisha.

Binti wa Kinangop, Umoja

Jibu

Binti yangu, nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimesimama mahali pamoja: pale unapomtaja mama yako. Umemtaja mara mbili tu. Anafuga ng'ombe wawili, na sanduku lake lina hatimiliki. Umezungumza na Baba Wanjiru, ukampigia kaka simu, ukamsikiliza dalali. Sijaona mahali ulipokaa na mama ukamuuliza yeye anajua nini na anataka nini.

Nakwambia hivi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya sheria. Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, inasema mtu akifa bila wosia na akaacha mke na watoto, mke aliyebaki ndiye mwenye haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake yote. Nyinyi watoto mnarithi kwa usawa baada yake. Yeye pia ndiye wa kwanza kufikiriwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Kwa hivyo kodi ya hilo shamba, tangu 2015, ilipaswa kwanza kumlisha mama. Haikuwa ya kaka kugawa, na samahani nikisema, haikuwa yako kupokea hivyo.

Ya pili ni ya maisha. Baba Wanjiru anasema hajawahi kukosa kulipa, nawe umemhesabu kuwa mwongo kwa sababu simu yako haijalia. Nani anamlimia mama yako ile bustani ya nyuma ya nyumba? Nani anamletea majani ya ng'ombe wakati wa kiangazi, au kumpeleka hospitali usiku? Nimeona mashamba mengi ambapo kodi ilihama kutoka kwenye simu ikaingia kwenye gunia la waru na debe la minji (njegere), na watoto walio mjini hawakujua. Inawezekana pia alilipa miaka kadhaa kwa mkupuo, na pesa zikaishia njiani. Simsingizii kaka yako. Nasema tu kwamba rekodi za M-Pesa zipo, na Baba Wanjiru anaweza kuzitoa za kwake. Mwombe azilete, kwa heshima, mama akiwepo.

Kwa hivyo Jumamosi hii panda gari Nyamakima uende nyumbani. Usiende kumfukuza mtu. Nenda ukamsikilize mama.

Sasa nijibu maswali yako, nikianza na la kampuni kwa sababu hilo ndilo lenye moto. Usisaini. Hata kama wangekupa elfu hamsini kwa ekari, huna cha kukodisha. Mwenye shamba kwenye daftari la ardhi ni marehemu, na hakuna mtu yeyote kati yenu, awe kaka, wewe au hata mama, aliyepewa na mahakama mamlaka ya kulisimamia. Kushughulika na mali ya marehemu bila mamlaka hayo ni kosa chini ya kifungu cha 45 cha sheria hiyohiyo: faini ya hadi shilingi 10,000, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kaka yako alikosea 2015. Wewe ukisaini utakuwa umerudia kosa lake kwa kipimo kikubwa zaidi, tena ukiwa umepokea pesa za miaka miwili ambazo kampuni inaweza kukudai.

Na hata mirathi ikikamilika, kukodisha ardhi ya kilimo kunahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Watu wengi wanajua "kwenda bodi" wakati wa kuuza. Wanasahau kwamba Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, imetaja kukodisha pia. Ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Bila idhini, makubaliano ni batili. Bodi itataka kujua kampuni ni ya nani, kwa sababu kampuni binafsi ambayo hata mwanahisa mmoja si raia wa Kenya inazuiwa na sheria hiyo kupata ardhi ya kilimo isipokuwa kwa msamaha maalumu. Muulize dalali wako maswali haya mawili. Na nakala ya hatimiliki usimpe. Dalali anayekuharakisha kusaini karatasi ya miaka kumi "kabla ya mwisho wa mwezi", wakati shamba lina jina la marehemu, ama hajui kazi yake au anaijua sana.

Hilo neno kwamba umeolewa, lisikutoe machozi. Sheria haiulizi kama mtoto ni wa kike au wa kiume, wala kama ameolewa. Watoto wote ni sawa, na Katiba ya 2010 imelisema hilo kuhusu ardhi waziwazi. Mweleze kaka yako mara moja, kwa utulivu, kisha usibishane naye tena juu ya hilo. Unamhitaji, kwa sababu mirathi inakwenda haraka familia ikiwa na sauti moja, na hukwama miaka mtu mmoja akipinga.

Hatua zenyewe ni hizi. Mnaanza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, mdogo wenu wa Saudia akiwemo. Mnapeleka ombi mahakamani, linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Kwa kuwa mama ana haki ya kutumia mali maisha yake yote, mahakama haitatoa usimamizi kwa mtu mmoja peke yake. Wanatakiwa wasimamizi wasiopungua wawili, na wasiozidi wanne. Ningependa kuona jina la mama, la kaka na lako hapo. Baada ya kupewa barua za usimamizi, kwa kawaida mnangoja miezi sita kabla ya kuzithibitisha. Fanyeni pia upekuzi rasmi wa hilo shamba kwenye usajili wa ardhi. Mashamba mengi ya Kinangop yalitokana na skimu za makazi za miaka ya 1960, na mengine bado yanasomeka kuwa na deni la mkopo wa skimu hata kama babu alimaliza kulipa zamani. Afadhali mjue mapema.

Nije kwa Baba Wanjiru. Kwa karatasi, hana miaka kumi. Mkataba wa kupata haki juu ya ardhi ambao haukuandikwa, haukusainiwa na pande zote na haukushuhudiwa hauwezi kupelekwa mahakamani kudaiwa, na aliyemwahidi hakuwa na mamlaka ya kuahidi. Lakini usikimbilie kufurahi. Mahakama ya Rufaa imewahi kumlinda mtu aliyelipa na kukaa kwenye ardhi kwa nia njema hata pale idhini ya bodi ilipokosekana, kwa sababu si haki mtu apokee pesa za mwenzake kisha ajifiche nyuma ya karatasi. Zaidi ya hayo, ana mazao shambani. Ukiyang'oa, wewe ndiye utakayeshtakiwa kwa kuharibu mali.

Lipo pia jambo la miaka 12, ambalo kila mwenye shamba anayeishi mjini analiogopa lakini wachache wanalielewa. Mtu akikaa kwenye ardhi yako miaka 12 bila ruhusa yako, waziwazi na bila kusumbuliwa, anaweza kuiomba mahakamani iwe yake. Aliyekodi amekaa kwa ruhusa, kwa hivyo muda wake hauhesabiwi hivyo. Shida huanza kodi ikikoma. Kwa mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, hesabu huanza siku kodi ilipopokelewa mara ya mwisho. Ikiwa ni 2023, hamko hatarini leo. Ila umeona kwa nini nasisitiza zile rekodi za simu? Kila shilingi iliyopokelewa inarudisha saa nyuma, na inathibitisha kwamba alikuwa mpangaji.

Kwa hivyo nendeni mkakae naye. Mama, kaka, wewe, yeye na mkewe, na wazee wawili wanaoheshimiwa na pande zote. Msimpe mkataba mpya, hamna mamlaka bado. Andikeni karatasi ya kukiri hali ilivyo: kwamba shamba ni la marehemu fulani, kwamba yeye analima kama mpangaji tangu 2015, amelipa nini na kwa nani, waru iliyopo atavuna lini, na kwamba hataongeza mti wala kujenga kitu mpaka mirathi iishe. Kodi yoyote kuanzia siku hiyo iingie kwa simu ya mama. Asaini, mashahidi wasaini. Mwulizeni pia wakili kuhusu kibali cha muda ambacho mahakama hutoa kwa ajili ya kuhifadhi mali ya marehemu wakati mirathi inaendelea, kisije kikapita msimu mzima mkiwa mmefungwa mikono.

Swali lako la kumtoa kabla ya mvua ndefu, jibu langu ni hapana. Waru huchukua miezi mitatu hadi minne. Mwache avune.

Mikaratusi ni habari nyingine, na hapo niko upande wako kabisa. Anayepanda waru anawaza miezi minne. Anayepanda mkaratusi anawaza nguzo za miaka saba mbele, na ukiukata unachipua tena. Tena kaupanda karibu na kijito, nao unakunywa maji sana. Ukubali au usikubali, mti uliosimama kwenye ardhi ni sehemu ya ardhi, kwa hivyo hauwezi kumpa Baba Wanjiru umiliki. Lakini mzee huyu aliipanda akiamini ana miaka kumi. Ningemrudishia gharama ya miche na kazi, kiasi mtakachokubaliana mbele ya wazee, kisha ya kandokando ya kijito iondolewe ikiwa bado michanga. Ya juu, muamue wenyewe. Andikeni hilo kwenye ile karatasi.

Sasa udongo. Hapa ndipo nilipoumia zaidi niliposoma barua yako, na najua wewe pia uliumia, ndiyo maana ulitaja waru iliyolegea kama imemwagiwa maji moto. Misimu mitatu ya waru mfululizo kwenye ardhi ileile ni mwaliko wa mnyauko wa bakteria. Ukiwa huko Jumamosi, omba ruhusa ya Baba Wanjiru, kata shina la mmea ulionyauka karibu na ardhi, ulining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usilitikise. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka baada ya dakika chache, ndio huo. Majani yenye mabaka meusi ni ugonjwa mwingine, ukungu, ambao una dawa. Mnyauko hauna dawa ya kupulizia. Bakteria hubaki ardhini miaka, huhama kwa maji, kwa jembe na kwa mbegu iliyoambukizwa. Dawa yake ni kulipumzisha shamba kutoka kwa waru, na pia nyanya, pilipili na mabiringanya, misimu kadhaa, mkipanda oti za ng'ombe, kabichi, karoti au minji. Na mimea ya waru iliyoota yenyewe ing'olewe, la sivyo hamjapumzisha kitu.

Chukua udongo pia. Pita shambani kwa mwendo wa kona kona, chimba sehemu 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, kwepa penye samadi, kando ya ua na alipolala ng'ombe. Changanya kwenye ndoo ambayo haijawahi kubeba mbolea, weka nusu kilo kwenye mfuko, uandike sehemu ulipotoka. Sehemu ya juu na ile ya kijito zisichanganywe. Ukirudi Nairobi unapitia Kabete, na hapo KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, wana maabara ya kupima udongo. Mtu akimwaga mbolea ya DAP kila msimu kwa miaka mingi, udongo huelekea kuwa na asidi. pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 5.5 mtahitaji chokaa, na ni gharama ambayo aliyekodi hatailipa kwa hiari kwa sababu faida yake inakuja polepole kuliko msimu wake. Matokeo hayo yatunzeni. Ndiyo picha ya shamba kabla ya mkataba, na mtapima tena ukiisha.

Mkishapata mamlaka, kodisheni kwa miaka miwili, msianze na kumi. Mkataba wa muda huo, usio na haki ya kuongezwa, sheria inauhesabu kuwa wa muda mfupi na hauhitaji kusajiliwa, ingawa bodi ni lazima. Kodi ilipwe kabla ya jembe kuingia. Taja mazao yanayoruhusiwa na mara ngapi waru inaweza kurudi sehemu moja. Hilo ndilo lenye thamani kuliko bei ya ekari. Kataza miti, kuchimba murram na kuuza udongo wa juu, kukodisha kwa mtu mwingine, na kuhamisha bikoni, yaani alama za mpaka. Sema nani analipia chokaa. Jipeni haki ya kuingia kulikagua shamba, kisha muende kweli, angalau wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Pato la kodi liingie kwenye ritani ya KRA ya mwaka ya anayelipokea. Ile kodi ya kila mwezi ya nyumba za kupanga haihusu shamba.

Kama Baba Wanjiru atakubali masharti hayo, mimi ningempa nafasi ya kwanza, hata kwa bei iliyo chini ya kampuni. Yeye yuko pale mama akianguka usiku. Kampuni haiko.

Ukienda, mbebee mama sukari na majani chai, na ubebe ile ndoo safi. Sanduku usimwombe afungue siku ya kwanza. Ukimaliza kukaa naye niandikie tena, uniambie amesema nani amekuwa akimlimia.